Koti la Ngurumo

Fundi alikuwa na jambo moja tu la kujivunia, lakini alijivunia mpaka akawachosha watu: kwamba hahitaji kumwona mtu ili amshonee nguo. Amsikie tu. Mteja akibisha hodi, fundi akiwa ameinamia cherehani na mgongo umeelekea mlangoni, atasema bila kugeuka, "Karibu, bwana. Naona kiuno kimeongezeka." Na kiuno kweli kilikuwa kimeongezeka. Futi ya kupimia aliivaa shingoni kwa heshima ya kazi, si kwa matumizi.

"Sauti inatoka kifuani," aliwafafanulia waliokaa kwenye benchi la wateja. "Kifua kikiwa kipana, sauti inapata nafasi ya kuzunguka kabla haijatoka. Kikiwa chembamba, inatoka imejikunja. Sasa futi ya nini?"

Mkewe ndiye hakuwahi kumsifu kwa hilo. Mtaa mzima ulimwita Mama Laini, kwa sababu alifanya kazi ofisi ya simu tangu usichana wake, akichomeka waya huku na kuchomoa kule, "subiri nikuunganishe", mpaka mitambo mipya ikaja na kile chumba chao kikubwa kikafungwa. Siku ya kuagana, wakubwa waliwaambia wafanyakazi wachague zawadi: saa ya ukutani, au chochote kilichobaki stoo. Wenzake wote walichukua saa. Mama Laini aliingia stoo akatoka na utando wa buibui kichwani, akasema anataka redio ile.

Haikuwa redio ya kusikiliza taarifa ya habari. Ilikuwa redio ya kusema. Unabonyeza kitufe cha maiki, unaita, na mtu aliye ng'ambo ya milima, mwenye redio yake na leseni yake, anakujibu. Tena ilikuwa ya zamani, ya taa. Ndani yake zilisimama taa za kioo, nene na nyembamba, kama chupa kwenye kabati la dawa, na mpaka zipate moto wa kutosha redio haikufungua kinywa. Ukiiwasha ilikohoa, ikanuka vumbi linaloungua, kisha ikatulia na kukoroma polepole kama paka aliyeshiba. Mama Laini alisoma, akafanya mtihani, akapata leseni, akapewa herufi na namba zake za kujitambulisha hewani. Nyumbani hakuna aliyeweza kumwambia kitu.

Shida ilikuwa uzito. Wanaume watatu waliibeba kutoka kwenye gari, na mmoja wao hakuja tena kusalimia. Meza pekee iliyoweza kuistahimili bila kupiga magoti ilikuwa meza ya fundi ya kukatia nguo.

"Na mimi nikatie wapi?" fundi aliuliza.

"Kitanda si kipo?"

"Kitandani?"

"Kipana, tena kina shuka. Kitambaa cha mtu hakichafuki."

Basi fundi akawa anakatia kitandani, na wiki ile ile akakata sketi ya mwalimu mkuu pamoja na shuka yao. Mwalimu mkuu, mama mwenye sauti ya kuita watoto mstarini, alipokuja kujaribu alikuta sketi ina bitana ya maua ambayo hakuiagiza.

Hilo lingevumilika. Lakini chumba cha kazi kilikuwa kimoja, cherehani dirishani na redio ukutani, na vitu hivyo viwili havikupikika chungu kimoja. Mota ya cherehani ikizunguka, redio ilijaa kelele kama mtu anakaanga mahindi makavu.

"Baba watoto! Unanikatia mtu!"

"Nashona."

"Kuna baharia hapa anataka kunieleza dhoruba ilivyowapiga, nasikia tatatata tu!"

"Mwambie asubiri nimalize pindo."

Na redio nayo ilijua kulipiza. Mama Laini akibonyeza kitufe na kusema "Haloo", cherehani ilisogea mishono kadhaa yenyewe bila mguu wa mtu. Fundi aliligundua hilo kwa kuchelewa. Suruali ya mteja mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, ilikuwa imetulia chini ya sindano ikingoja kuwekwa zipu, Mama Laini akaita "Haloo, haloo" mara kadhaa kumtafuta mtu wa mbali, na zipu ikashonwa ikazibwa kabisa. Mwenye suruali alikuja kugundua akiwa safarini, tena akiwa na haraka.

Baada ya ugomvi uliofuata walikaa chini wakapatana. Asubuhi ni ya cherehani. Alasiri ni ya redio, na fundi atafanya kazi za mkono: kupiga bandi, kuweka vifungo, kufumua. Hata pasi ilikatazwa, maana ilikwaruza redioni kila ilipojiwasha.

Hivyo ndivyo fundi alivyoanza kusikiliza maongezi ya mkewe, si kwa kutaka. Na hivyo ndivyo alivyomsikia Ngurumo.

"Dada yangu mpendwa," sauti ilisema alasiri moja, "habari za tangu jana?"

Fundi alijichoma sindano. Haikuwa sauti, ilikuwa pipa la maji linaviringishwa kwenye sakafu ya mbao. Alinyonya kidole huku akipima kichwani kwa mazoea: shingo ile, nene. Mabega, mlango wa kawaida hauyapitishi. Kifua, Mungu wangu, kabati.

"Nani huyo?" aliuliza mkewe alipoachia kitufe.

"Daktari wa mifugo, yuko huko milimani. Ana redio kama hii hii yangu."

"Na 'mpendwa' inatoka wapi?"

"Ndivyo anavyoongea. Ana adabu."

Fundi akambandika jina la Ngurumo, na kuanzia siku hiyo alasiri zikamkalia vibaya. Si kwamba walizungumza mambo ya siri. Walizungumza magonjwa ya redio zao, kama wazazi wawili waliokutana foleni ya zahanati.

"Ya kwako inanuka?" Ngurumo aliuliza.

"Kidogo, upande wa kushoto. Nadhani ni nyuzi za nguo zimeingia ndani."

"Ya kwangu inanuka kulia. Na jana imegoma kuwaka mpaka nikaigonga."

"Unaigonga wapi?"

"Ubavuni, kwa kisigino cha kiatu."

"Mimi kwa mwiko. Kisigino ni kikali mno, daktari, utaitetemesha taa."

Wangeweza kuendelea hivyo mpaka jua lizame. Fundi alishona vifungo kwa hasira, vingine akavishona kwa nguvu hata mteja hakuweza kuvifungua.

"Mbona mimi hujawahi kuniuliza ninanuka wapi?" alisema siku moja.

"Wewe najua," alijibu mkewe.

Ukweli ni kwamba Mama Laini alikuwa amemweleza jambo moja muhimu, mapema kabisa, naye hakusikiliza. Alikuwa anatia uzi kwenye tundu la sindano, na mtu anayetia uzi hana masikio.

"Unajua redio hii ina vituko," mkewe alisema. "Sauti ya mtu haiji kama ilivyo, naipanga mimi. Nikizungusha gurudumu hili huku, anakuwa bata. Nikizungusha huku, anakuwa simba. Na ikishapata moto sauti inahama yenyewe, bila gurudumu kuguswa. Mimi watu wote nawashusha kidogo. Sauti nyembamba zinanichoma masikio, nilizisikia za kutosha kazini."

"Mm," alisema fundi. Uzi ukapita.

Sasa ikatokea kwamba redio ya Ngurumo iliunguza taa yake kubwa, ile inayosukuma sauti iende mbali, akawa anasikika kama mtu aliyefunikwa na godoro. Mama Laini alikuwa na taa ya akiba, aliyoitoa stoo pamoja na redio yenyewe. Akamwambia asitafute popote, aje aichukue.

"Nitakuja, dada," sauti ikasema kwa mbali. "Mwezi ujao nina mkutano hapo mjini kwenu, wa madaktari wenzangu. Nimepangiwa kusimama mbele niseme. Ila nimepata msiba wa koti. Nilikuwa namdunga mbuzi sindano, koti nimelitundika kwenye uzio, na mbuzi wa pili akala mkono mzima mpaka begani."

"Usihangaike," alisema Mama Laini. "Mume wangu ni fundi."

Fundi alinyanyua uso kwenye bandi zake. Kwanza alitaka kusema hana nafasi. Halafu akamwona yule jitu kwa macho ya moyo, amesimama mbele ya wenzake, mabega yamejaa koti lililotoka kwenye mkono wake yeye, na watu wanaulizana limeshonwa na nani bila hata kupima. Roho ya wivu na roho ya kazi zikakabana, na ya kazi ikashinda.

"Mwambie nitamshonea," alisema. "Na asijisumbue na vipimo."

"Mpe nafasi akutajie, wewe mwanamume."

"Nimemsikiliza kutwa nzima tangu mvua zilipoanza. Vipimo gani tena?"

Mama Laini akafikisha ujumbe. Redio ikachemka kidogo, kisha Ngurumo akajibu, na hata kwa mbali pale ilionekana ana wasiwasi. "Shemeji ana moyo mzuri. Lakini mwambie kwamba mimi, kusema kweli, ni mtu..."

Mawimbi yakamchukua. Ndivyo yalivyokuwa alasiri zile, mtu anazama katikati ya neno kama kijiko kwenye supu.

"Anasema yeye ni mtu gani?" fundi aliuliza.

"Sijui. Amezama."

"Anaona haya kusema ni mnene. Najua, wengi wako hivyo."

Akatoa kitambaa cha kijivu alichokuwa amekitunza kabatini akingoja mtu anayestahili, akakitandaza kitandani, kikamwagika pande zote mpaka sakafuni. Safari hii shuka aliitoa kwanza. Alikata asubuhi, akapiga bandi alasiri, huku sauti yenyewe ikimzungukia kichwani kama mteja anayejigeuza mbele ya kioo. Mabegani aliweka pedi, halafu akazitoa: mtu wa namna ile hahitaji pedi, atatisha watoto. Tumboni akaacha nafasi ya chakula. Mikono akaishusha, kisha akaishusha tena.

Mwalimu mkuu alipopita kuulizia sketi zake nyingine, alilikuta koti limetundikwa mlangoni, limeziba mwanga.

"Hili ni la mtu," aliuliza, "au la gari?"

"Ni la daktari," fundi alijibu bila kugeuka. "Hao ndio wanaume, mwalimu."

"Na sketi zangu?"

"Zinafuata."

Siku ya mgeni ilipofika, Mama Laini alipanga viti na kuazima kimoja imara kwa jirani, kwa ushauri wa fundi. Fundi mwenyewe alivaa shati jeupe, akalipiga koti pasi ya mwisho asubuhi na mapema kabla redio haijaamka, akaketi kwenye cherehani mgongo umeelekea mlangoni. Alitaka amkaribishe kwa ufundi wake, bila kugeuka.

"Hodi hapa," ikasema sauti mlangoni.

Ilikuwa sauti nyembamba, ya juu, kama bawaba ya dirisha. Fundi hakuinua hata kichwa. "Kama umetumwa sketi za mwalimu, mwambie zinafuata."

"Hapana. Mimi nimekuja kwa..."

Fundi akageuka, akaangalia pale ambapo kifua cha mgeni kilipaswa kuwa, akaona mtaa. Akashusha macho. Kizingitini alisimama mwanamume mdogo, mkavu, nadhifu, mwenye mvi masikioni na mkoba wa ngozi karibu ukubwa wake.

"Karibu, karibu," fundi alisema, akinyoosha shingo kuangalia nyuma yake. "Mwambie bosi wako aingie, asione aibu. Mlango tutaufungua wote."

"Bosi gani?"

"Daktari."

"Daktari ndiye mimi," alisema mtu mdogo.

Mama Laini alitokea jikoni akifuta mikono. Mgeni alipomwona, akainama kwa adabu. "Shikamoo, mama. Namuulizia dada wa redioni, sijui ni binti yako?"

"Dada ndiye mimi," alisema Mama Laini, kwa ile sauti yake nzito ya kukwaruza iliyowahi kunyamazisha wakurugenzi kwenye simu.

Wakatazamana wote watatu. Ikawa zamu ya daktari kuduwaa. Kwake, alieleza baadaye, dada wa redioni alikuwa chiriku, kasauti kembamba ka mtoto wa shule, na kila aliposema amestaafu yeye alidhani ni utani. Mama Laini ndiye aliyeelewa kwanza. Kama yeye amemshusha daktari, basi redio yake, inayopokea na kurusha kwa gurudumu lile lile, ilikuwa inarusha pembeni kidogo, na huko milimani yeye mwenyewe akawa amepandishwa kwa kiasi kile kile. Akaketi kwenye kiti cha jirani, kile imara, akacheka mpaka akashika mbavu.

Fundi hakucheka. Daktari alikuwa ameliona koti.

"Ndilo hili?" aliuliza kwa upole.

"Silo," alisema fundi.

"Ndilo," alisema mkewe, ambaye hakuwahi kuweza kudanganya akiwa katikati ya kicheko.

Daktari aliweka mkoba chini, akanyoosha mikono nyuma kama inavyotakiwa, na fundi, kwa kuwa kazi ni kazi, akamvalisha. Tuseme ukweli: daktari hakulivaa koti, koti lilimvaa yeye. Pindo lilimfika magotini na kuendelea. Vidole vilipotelea kwenye mikono, na mabega yalining'inia pande zote mbili kama mapaa ya nyumba mbili jirani. Alijigeuza mbele ya kioo. Yeye aligeuka, koti likabaki pale pale, kisha likamfuata.

"Lina nafasi," alisema daktari, baada ya kutafuta neno. "Kitambaa kizuri sana. Na mkutano ni kesho."

Fundi aliweka mkasi mezani, akaenda chumba cha ndani, nyuma ya pazia, akakaa kitandani juu ya vipande vilivyobaki. Mkewe akamfuata.

"Usiseme," fundi alisema.

"Sijasema."

"Unataka kusema."

"Nilikuambia..."

"Nimesema usiseme!"

Futi ilikuwa bado shingoni kwake, naye aliishika ncha akaitazama kama kitu alichookota njiani. Mtu mzima, mikono imekuwa migumu kwa kazi hii, na leo amemshonea mgeni hema. Kesho mwalimu mkuu atasikia, na mwalimu mkuu akisikia, shule nzima imesikia.

"Kosa si lako peke yako," Mama Laini alisema mwishowe, akakaa karibu naye. "Ningemwacha kama alivyo, ungemshonea koti linalomtosha. Mimi ndiye niliyemshusha. Tumelishona wote wawili, baba watoto."

"Sauti ile," alisema fundi kwa uchungu. "Yaani sauti ile nzima, haina mwenyewe?"

"Samahani, shemeji," kikasema kile kisauti chembamba kutoka nyuma ya pazia. "Nyumba yenu ni ndogo, nasikia yote. Naomba niseme."

Hawakumkataza.

"Sauti yangu imenipa tabu tangu ujana. Nikipiga simu watu huniambia, 'Mwite baba.' Nikienda kutibu ng'ombe, mwenye ng'ombe huuliza daktari anakuja lini. Sasa dada, tangu siku ya kwanza tulipoongea, alikuwa ananiita daktari kwa heshima, ananiambia sauti yangu inatikisa vikombe kabatini. Nikashangaa. Nilijua redio yake ndiyo inayofanya hivyo, redio hizi nazifahamu. Ningemwambia azungushe kidogo tu." Akakohoa. "Sikumwambia. Ilinipendeza. Hata ile siku ya vipimo nilitaka kusema mimi ni mtu mdogo, mawimbi yalipokata nikafurahi. Basi na mimi nimo kwenye hilo koti."

Fundi akatoka nje ya pazia. Alimtazama daktari aliyekuwa bado ndani ya koti, kichwa tu na viatu ndivyo vinavyoonekana. Akaivua futi shingoni.

"Simama wima," alisema. "Inua mikono. Usivute pumzi ya kujionyesha, vuta ya kawaida."

Akampima. Alimpima kifua, kiuno, mgongo, mkono uliokunjwa na ulionyooka, na alipomaliza akampima tena toka mwanzo.

Ilikuwa karibu alasiri, saa ya redio. Huko hewani watu walishajua kwamba daktari na dada watakutana leo, na walikuwa wanangoja kuwasikia wote wawili kwenye maiki moja. Daktari naye alitamani kuona ile taa ya akiba ikichomekwa na kuwaka kabla hajaibeba. Fundi alijua haya yote. Aliitazama cherehani, akaitazama redio, kisha akamtazama mkewe.

Mama Laini akaenda mezani, akaizima redio iliyokuwa imewashwa ipate moto. Ilichukua muda kidogo kufa, ikafifia kama mtu anayeondoka huku bado anaongea.

"Haya," alisema. "Nipeni kiwembe nifumue."

Wakakaa watatu. Mama Laini alifumua mabega. Fundi alikata upya, safari hii mezani, baada ya kuisukuma redio pembeni wakisaidiana, nayo ikalia kwa kukwaruza meza. Cherehani ikanguruma alasiri nzima bila mtu kuifokea. Ilipofika kwenye bitana, ambayo lazima ishonwe kwa mkono, daktari aliomba sindano.

"Hii si kazi ya mgeni," alisema fundi.

"Nashona kila siku, shemeji."

Na kweli alishona. Vidole vyake vidogo vilikwenda haraka, kila mshono akiufunga fundo na kuukata, fundo na kukata. Fundi alisogea akachungulia.

"Huu mshono gani?"

"Wa ng'ombe."

"Hauko sawa, daktari. Nguo haifungwi mafundo hivyo."

"Uzi ukikatika mahali pamoja, pengine panabaki pamefungwa. Na sijapata ng'ombe aliyelalamika."

Fundi akauvuta ule mshono kwa kucha, akauvuta tena kwa nguvu. Haukusogea. Akarudi kwenye kiti chake, na baadaye mkewe akamwona anajaribu lile fundo kwenye kipande cha kitambaa akidhani haonekani.

Walipokuwa wanakaribia kumaliza, daktari akaweka sindano chini. "Fundi, nina ombi. Mabega, uniachie kidogo tu."

"Kiasi gani?"

"Si kama yale. Lakini yasiwe haya yangu haya."

Fundi alifikiri, akachukua zile pedi alizokuwa amezitoa, akazikata nusu, akaziweka. Jua lilikuwa bado dirishani daktari aliposimama mbele ya kioo akavuta pumzi ya kujionyesha, na safari hii fundi hakumkataza. Wakachomeka taa ya akiba, wakawasha redio, taa ikawaka rangi ya kaa la moto, watu wakapiga kelele hewani kwa furaha, na daktari akaondoka na taa yake imefungwa ndani ya vipande vya kitambaa cha kijivu. Vilikuwa vimebaki vingi.

Alipofika kwake milimani na kuitengeneza redio, alitafutwa hewani alasiri ya kwanza kabisa, na aliyetaka atafutwe hakuwa Mama Laini. Fundi alikuwa amevuta kiti mpaka mezani, shati jeupe mwilini.

"Dada yangu mpendwa," likaviringika lile pipa.

"Hapana, hapana," fundi akamwambia mkewe. "Huyo simjui. Zungusha."

Mama Laini akazungusha kidogo.

"Bado mrefu. Zungusha."

Akazungusha mpaka ile bawaba ya dirisha ikasikika vizuri, na fundi akatabasamu kama aliyefunguliwa mlango na mtu aliyemzoea. "Haya, ndiye. Nipe hicho kitu."

Mkewe akampa maiki na kumwonyesha pa kubonyeza. Fundi akabonyeza, akauliza habari za mkutano, na daktari akamweleza: kwamba alisimama mbele, kwamba ukumbi ulitulia, kwamba mkubwa mmoja aliyevaa suti ya dukani alimshika begani kuuliza koti limeshonwa wapi. Mama Laini akaipokea maiki kumpongeza, na daktari akasema, "Ila dada, leo unasikika mzito. Mmenipandisha?"

"Ni shemeji yako huyu," alisema Mama Laini.

"Mwambieni watu wengine wakiwepo hapo anirudishe chini."

Fundi akaichukua tena maiki aeleze namna ya kulitunza koti. Akaeleza juu ya kutundika, juu ya brashi, juu ya kutokalia pindo na kutokaribia mbuzi, akaingia kwenye bitana, akatoka kwenye bitana akaingia kwenye ule mshono wa ng'ombe ambao kwa maoni yake ungefaa mifuko tu, na muda wote huo kidole kilikuwa kimeganda kwenye kitufe, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumjibu wala kumkatiza. Taa zilipata moto mpaka chumba kikanuka. Mama Laini alimwonyesha ishara, kisha akamtoa kidole kwa nguvu.

Kimya. Daktari alikuwa ameshaitwa kwenye zizi.

Badala yake ikaja sauti nyingine, nzito, ya yule baharia. "Nimekusikiliza mwanzo mwisho, fundi. Mimi nataka suruali mbili za kazi. Nitapita hapo meli ikitia nanga. Mama Laini huniambia unajua mwili wa mtu kwa sauti tu."

Fundi akaishika maiki sawasawa. Akabonyeza. "Alikuwa ananitania. Nitajie kiuno, mapaja, na urefu mpaka kisigino. Kimoja kimoja, bila haraka." Akaachia, kisha akakumbuka, akabonyeza tena. "Na umpe mwenzako akupime, usijipime mwenyewe."

Baharia akaanza kutaja. Fundi akapapasa mfukoni, akatoa chaki yake ya kukatia, akatafuta mahali pa kuandika, na mahali palipokuwa karibu palikuwa peusi, bapa, tena pa moto kidogo.

"We!" Mama Laini aliruka. "Usiandike kwenye redio yangu!"

"Subiri," alisema fundi, akiandika. "Anataja mapaja."